Bango Lililotangulia Majibu

Jamani, ipo nyumba moja huku kwetu Dharwad ambayo asubuhi zake zilikuwa tulivu hadi mtu unaona wivu. Gangavva yuko jikoni anapiga mikate ya mtama kwa viganja. Mumewe Shivalingappa, mwalimu mstaafu wa hesabu, yuko barazani na gazeti na chai yake. Binti yao wa pekee, Nagaratna, kajifungia chumbani na madaftari. Ulikuwa mwaka wake wa sita akiitafuta shahada ya uzamivu, na alibakiza sura moja tu ya kuandika.

Aliyeuvunja utulivu huo ni jirani, Irappa, aliyekuja na sahani ya vitamu vya maziwa. Mwanawe alikuwa amefaulu ule mtihani wa taifa wa kustahiki uhadhiri.

"Kikao kimoja tu, Mwalimu! Kaingia asubuhi, katoka mhadhiri," alisema Irappa. "Na daktari wenu je? Bado yuko jikoni, hajaiva?"

Shivalingappa alicheka kwa adabu, lakini maneno yalimchoma. Tangu siku hiyo nyumba haikukalika.

"Uzamivu ni kimbilio la walioshindwa mtihani," akawa anasema kila wakiketi kula. "Miaka sita unazamia nini, lulu?"

"Baba, mtihani unapima yale niliyosoma. Mimi natafuta ambayo bado hayajaandikwa na mtu."

"Kama hayajaandikwa, basi huenda hayana faida."

Ili apate amani, Nagaratna akaufanya huo mtihani. Wiki chache baadaye majibu ya awali, yaani majibu sahihi ya maswali kabla hayajahakikiwa, yakatolewa mtandaoni. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, ndugu zangu, tusifichane. Majibu ya awali yakitoka, kila nyumba yenye mtahiniwa inashika kalamu na kujisahihishia. Shivalingappa alivaa miwani akahesabu mara tatu, na mara zote tatu binti yake aliizidi alama ya kupita ya mwaka uliotangulia kwa alama nne.

"Umepita! Hesabu haidanganyi!"

"Baba, haya ni ya awali. Na alama ya kupita hubadilika kila mwaka. Tungoje."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, leo wewe unifundishe kujumlisha?"

Siku mbili hazikupita, bango la mzee likaning'inia njia panda: picha ya Nagaratna, kubwa kama mlango, na maandishi ya kumpongeza mhadhiri mpya wa mtaa. Mambo yangeishia hapo ingekuwa aibu ya kuchekwa tu. Lakini mzee alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mkuu wa chuo kimoja binafsi kule Hubballi. Nafasi ya kufundisha ilikuwepo, ila mtafiti aliyeandikishwa kwa muda wote haruhusiwi kuajiriwa.

"Andika barua ujitoe," baba aliamuru.

Nagaratna alikataa siku nne. Siku ya tano mzee akasusa chakula. Gangavva akamwendea binti yake huku analia. "Mwanangu, huyu atakufa na njaa mbele ya macho yetu. Mwandikie tu, yaishe."

Akaiandika. Msimamizi wake, Profesa Sulochana, aliisoma mara mbili.

"Ngoja majibu ya mwisho, mama. Ni wiki tatu tu."

"Baba hali chakula, Profesa. Na bango limeshatundikwa."

Profesa akatia sahihi bila kumtazama usoni.

Majibu ya mwisho yakatoka. Maswali mawili yalikuwa yamefutwa, na alama ya kupita ilikuwa imepanda. Nagaratna alianguka kwa alama mbili. Mkuu wa kile chuo cha Hubballi alipiga simu jioni ile ile, akaomba radhi, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Kesho yake Shivalingappa alikwenda kwa profesa, akasimama mlangoni na viganja kavikutanisha kifuani kama mwombaji.

"Mrudishie mwanangu nafasi yake, Profesa. Kosa ni langu mimi."

"Nafasi zangu zina idadi, Mwalimu. Kwenye yake amekwishaandikishwa mwingine. Akitaka, aje mwakani aombe upya pamoja na wengine, aanze mwaka wa kwanza." Profesa akamtazama. "Hivi unajua alichokuwa anakiandika?"

Miaka sita, nyumba moja, sahani moja, na mzee hajui!

"Nyimbo za wanawake wanaposaga nafaka. Amekusanya zaidi ya mia nne. Wimbo wa kwanza kabisa aliimbiwa na mama yako wewe, miezi michache kabla hajafariki."

Shivalingappa alirudi nyumbani kwa miguu. Alimkuta Nagaratna akifunga madaftari kwa kamba.

"Mwanangu," alisema. "Nisomee ule wa mama."

Nagaratna alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nilikungoja uulize miaka sita, Baba. Leo sina nguvu."

Akaufunga mlango taratibu.

FUNZO

Enyi wazazi wenzangu, mtihani na utafiti si wake wenza, wala hakuna sababu ya kuwagombanisha. Aliyefaulu mtihani ana sifa yake, na anayehangaika miaka na jambo ambalo halijaandikwa ana yake. Ukimdharau mmoja kwa kumsifu mwenzake, umewakosea wote wawili.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Shivalingappa aliutupa mkeka wa mwanawe kwa ajili ya msala ambao hata haukuwa umefika, na kilichomsukuma hakikuwa mapenzi, kilikuwa sahani ya jirani. Basi kama una mwana anayesoma, usimuulize atamaliza lini. Muulize anasoma nini, halafu ukae umsikilize.