Panda Nyuma, Twende

Maoni yenyewe yalikuwa maneno manne tu, kutoka kwa msomaji asiyejulikana: "Leo umempakia nani, Kinyonga?"

Kinyonga aliyasoma huku akinywa chai, akacheka. Hakumpakia mtu. Jana yake alikwenda peke yake hadi kwenye daraja la reli na kurudi, safari ya saa mbili ambayo mtu mwenye shughuli zake angeimaliza kwa dakika arobaini. Lakini huyu bwana hakuwa na haraka, na jina la Kinyonga hakulipata bure. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Kutwa nzima aliinamia vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama, akihakikisha saa za watu hazichelewi. Ikifika saa kumi na nusu alifunga kibanda, akapanda baiskeli yake ya zamani, akaenda kuchelewa kwa raha zake.

Safari hizo aliziandika kwenye blogu aliyoiita Mwendo wa Kinyonga. Alikuwa na wasomaji mia tatu na ushee, na karibu wote hakuwajua kwa sura. Aliwasimulia habari za mbwa anayelala katikati ya barabara kama aliyeirithi, za vinyozi wawili jirani ambao hawajasalimiana tangu mmoja apake ukuta wake rangi ya mwenzake. Mkewe ndiye aliyemsahihishia kabla hajachapisha, maana Kinyonga na koma hawakuwahi kupatana. Kila makala ilianza na salamu ileile, "Panda nyuma, twende," na kila makala ilimalizika kwa picha ya aina ileile: kivuli chake na cha baiskeli, vimelala barabarani jua likishuka.

Aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Kivuli cha magurudumu kilikuwepo, cha usukani, cha kofia yake. Na juu ya keria, kile kiti cha chuma cha nyuma, palikuwa na kitu mfano wa mtu aliyekaa upande, miguu imening'inia mirefu hadi kupita chini ya gurudumu.

"Mke wangu, hebu tazama hapa."

Mkewe alisogeza miwani. "Kivuli cha mti hicho."

"Njia ya reli haina mti hata mmoja."

"Basi ni kitambi chako kimehamia mgongoni," alisema, akarudi kwenye cherehani yake. Wakacheka, na siku hiyo yakaishia hapo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa zawadi ya rafiki yake, fundi baiskeli aliyeitwa Spoku, kama ule waya wa gurudumu, kwa wembamba wake. Hawa wawili walianza darasa la kwanza dawati moja, na Kinyonga alipooa, Spoku ndiye aliyesimama kando yake. Kinyonga alipotimiza miaka hamsini, Spoku alimletea baiskeli nyeusi ya kizamani aliyokuwa akiitumia mwenyewe, yenye breki za vyuma na kengele inayolia mpaka mtaa wa pili. Sasa, Spoku alikuwa na mtindo wake ambao mji mzima uliujua: hakukabidhi baiskeli kabla hajaipanda mwenyewe. Hata ungekuwa unakimbilia wapi, angeizungusha duka lake mara moja, shingo kaiinamisha, akisikiliza, ndipo akupe. Ile nyeusi aliisukuma kwa mkono kutoka dukani kwake mpaka mlangoni kwa Kinyonga, mwendo wa nusu saa. Kinyonga aliliona hilo, akadhani rafiki yake magoti yanamsumbua.

Hata ile salamu ya blogu ilitoka kwa Spoku. "Blogu lazima iwe na neno lake," alimwambia siku ileile. "Sema 'Panda nyuma, twende.' Lakini usiandike tu. Useme kwa mdomo kila unapokaa kwenye kiti, kabla hujakanyaga pedali, ili yakutoke moyoni." Kinyonga aliona ni ushauri mzuri. Wakati huo binti pekee wa Spoku, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa hajatembea kwa mwaka mzima, miguu imekufa na madaktari hawaoni kitu. Wiki tatu baada ya zawadi ile, siku ileile Kinyonga alipoanza safari zake za blogu, binti aliinuka. Watu walilia kwa furaha. Kinyonga alilia zaidi ya wote, akamnunulia viatu vyeupe vya michezo, na binti akawa hakosi makala hata moja ya baba yake mdogo.

Sasa yakaanza mambo madogo madogo. Tairi la nyuma likawa linabonyea hata baada ya kujazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. Kwenye mteremko baiskeli ikawa nzito kama iko mlimani. Na ilikuwa kiangazi, vumbi limekaa juu ya kila jani, lakini kila Kinyonga alipokata kona alisikia harufu ya udongo uliolowa, ile ya dakika chache kabla ya mvua.

Jumapili alimpakia mkewe, kama walivyozoea. Walipofika nyumbani mama wa watu alishuka haraka, akasimama mbali na baiskeli.

"Hicho kiti leo kina joto," alisema kwa sauti ya chini.

"Jua hilo."

"Siyo jua. Nilihisi kama nimepakatwa."

Jumatatu mkewe aliamka vidole vya miguu vimepoa. Jumatano ubaridi ulifika magotini. Alhamisi alianguka jikoni, akabaki chini anaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakampa vidonge vya damu na tarehe ya kurudi.

Ijumaa Kinyonga alipanda baiskeli kwenda kumfuatia dawa, na kwa mazoea tu akasema, "Panda nyuma, twende," na kabla hajakanyaga pedali akahisi keria imeshuka taratibu, kama mtu anavyokaa kwa adabu kwenye kiti cha ugenini, na ile harufu ya udongo ikamfunika kichwa kizima, na wakati anapita mbele ya duka la vioo jua likiwa kali watu wakinunua na kusalimiana alijitazama kwenye kioo akajiona yuko peke yake, akamshukuru Mungu, akainamisha macho, na pale chini lami ikamwonyesha vivuli viwili, cha mbele kimeinama kwa woga na cha nyuma kimenyooka kimestarehe, mkono wake mrefu ukiinuka polepole kumshika kiuno, na mkono huo aliuhisi, mzito, wa vuguvugu, vidole vikipigapiga mbavu zake kama vya abiria aliyefurahia safari. Alishuka akaisukuma baiskeli hadi nyumbani bila dawa. Njia nzima aliogopa kutazama chini.

Jirani alimpeleka kwa mganga, mzee mmoja ambaye zamani alikuwa karani wa posta na hakuwa ameacha kuzungumza kikarani. Alizipitia zile picha za vivuli kwenye simu ya Kinyonga, moja moja, akauliza, "Ulimwalika lini?"

"Sijamwalika, mzee."

"Wa namna hii hapandi bila kukaribishwa. Ukishakaa kwenye kiti, huwa unasemaje?"

Kinyonga alimwonyesha kwa kidole mstari wa kwanza wa makala.

"Nani alikufundisha hayo maneno?"

Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwake, kama saa iliyorudishiwa kipande chake: baiskeli iliyosukumwa kwa mkono, binti aliyeinuka baada ya wiki tatu, yule binti aliyekuwa akipelekwa shule juu ya keria ileile. Hakuogopa tena jini kama alivyoogopa kulitaja jina la rafiki yake.

Alimsimulia mganga habari za binti, jina akaliacha. "Mfukuze," alisema.

"Hafukuziki. Nimekaa posta miaka ishirini na sita, na huyu ni mzigo wa kusainiwa. Haondoki mpaka apatikane wa kumpokea. Mtu mwingine akae juu ya baiskeli, yoyote ile, aseme maneno hayo kwa hiari yake. Atahamia huko siku hiyohiyo, na mkeo atasimama."

"Na asipopatikana?"

"Atapanda kiunoni, kisha kifuani. Kwa mtoto hupanda polepole, kwa mtu mzima hana subira." Mzee alimrudishia simu. "Na yule binti wa kwanza akae mbali naye. Miguu aliyokwisha kuionja anaijua. Akiipata tena hatahesabu wiki, atafika kifuani mara moja."

Kinyonga alimkuta Spoku dukani ananyoosha gurudumu jipya, dogo, la baiskeli ya kike. Alisimama mlangoni. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, likabaki moja.

"Ulijua."

Spoku aliendelea kulizungusha gurudumu. "Nilijua."

"Kwa nini mimi? Mji mzima huu, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huulizi," alisema Spoku, na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. "Mwingine angeuliza kwa nini sikuijaribu. Wewe nikikupa kitu unapokea tu. Tangu darasa la kwanza."

Kinyonga aliegemea ukuta. Miaka arobaini na mitatu ya urafiki, na huyu mtu alikuwa ameipima akaona upande wake wa udhaifu uko wapi. "Mke wangu hasimami," alisema. "Baiskeli zimejaa humu. Kaa kwenye mojawapo, sema. Mchukue."

"Sisemi. Nichinje hapa, sisemi."

Nyuma ya duka mlango ulifunguka, binti akapita na ndoo ya maji, hatua ndefu za makusudi za mtu ambaye bado anaona kutembea ni sherehe. Viatu vyeupe vilikuwa miguuni. "Shikamoo, baba mdogo. Wiki nzima hujaandika. Tunakungoja."

"Marahaba, mwanangu. Nitaandika."

Alipopita, Kinyonga aliuliza, "Yeye anajua?"

"Hajui kitu. Asije akajua miguu yake imepatikana vipi."

Kinyonga angeweza kumwita amwambie. Alivitazama vile viatu kupitia mlango, akaondoka.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote, ameketi kando ya kitanda. Ubaridi ulikuwa umefika kiunoni. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Una wasomaji mia tatu."

"Hatuwajui."

"Ndiyo maana nasema. Hatuwajui."

"Nitakuwa nimefanya alichofanya Spoku."

"Binti wa Spoku anatembea," alisema mkewe, akageukia ukutani.

"Sitampa mtu. Kesho naikata ile keria kwa msumeno, nijue atakaa wapi. Ukinipenda, niachie hilo tu."

Mkewe alinyoosha mkono, akamshika kiganja. Kinyonga alichukulia kwamba wamekubaliana.

Kesho yake alikwenda kuazima msumeno kwa fundi chuma. Fundi alikuwa na kazi mkononi, akamwambia angoje, akangoja mpaka jioni. Aliporudi alikuta nyumba imetulia. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta palepale, lakini tairi la nyuma lilikuwa limejaa, na ile harufu ya udongo haikuwepo. Aliingia jikoni. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya jiko, kwa miguu yake miwili, anakoroga chai.

Kinyonga aliuangusha msumeno, akamkumbatia, akalia kama mtoto, akamshika magoti na vifundo kuhakikisha vina joto. Vilikuwa na joto. Ilichukua muda mpaka aone kwamba mkewe hakuwa analia.

"Umefanya nini?"

Mkewe alimnyooshea simu. "Nimekusahihishia miezi minane. Maneno yako nayajua kuliko wewe."

Blogu ilikuwa na makala mpya, iliyochapishwa saa sita mchana. Koma zote zilikuwa mahali pake. *Wasomaji wangu, nimechoka, na safari sasa nawaachia ninyi. Mwenye baiskeli yoyote leo akae juu yake, na kabla hajaondoka aseme kwa sauti: Panda nyuma, twende. Kisha anitumie picha ya kivuli chake. Kinyonga.*

"Ni nani aliyesema?" aliuliza.

"Sijui. Sikutazama, na wewe usitazame. Mtu wa mbali huko."

Lakini alikwisha kushuka chini kwenye maoni. Yalikuwa ya mtu mmoja.

*Baba mdogo, usichoke. Baba kanimalizia baiskeli yangu leo, na ameizungusha duka mwenyewe kabla ya kunipa. Nimesema kama ulivyoagiza, tena mara mbili, nisije nikakosea. Kivuli changu hiki hapa.*

Kwenye pembe ya picha kilionekana kiatu cheupe juu ya pedali. Kivuli cha msichana kilikuwa kimelala barabarani, chembamba, kichwa kimeinuliwa. Nyuma yake alikaa yule mwingine, na hakuwa amekaa upande tena. Alikuwa amemwegemea mgongoni kama mtu aliyerudi kwao, mikono yote miwili imekwisha kumzunguka kiuno.

Kinyonga alipiga namba ya Spoku. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Alisikia mkewe anakuja nyuma yake, hatua nyepesi, akamwekea kikombe cha chai mezani.