Kilo Kumi na Tano za Gebhard

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, baada ya theluji kushuka hadi kwenye vibaraza vya nyumba, nusu ya mji wa Innsbruck ilihamia katika duka la mzee Ottokar la mbao za kutelezea kwenye theluji, kando ya mto. Watu walikanyagana humo ndani. Palinuka nta ya moto ya kupaka mbao, kahawa na soksi zilizolowa. Gebhard Rauth alijipenyeza mpaka kwenye ukuta wa nyuma, ule wa mbao za wajuzi, wale wanaoshuka nje ya njia zilizosawazishwa, kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Akaushusha ubao mmoja mweusi, mrefu, mgumu kama mlango.

"Huo urudishe."

Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, ovaroli ya buluu yenye madoa ya nta, utepe wa manjano wa kufuma kichwani na penseli sikioni. Alikuwa na uso wa mtu anayekaribia kucheka lakini yuko kazini.

"Kwani una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Ni wa mashindano huo. Wewe unataka kushuka mlima au kugombana nao?"

"Nashuka milima tangu nina miaka saba, dada."

"Basi dada yako anaitwa Romana, na ndiye anayewachagulia watu mbao hapa. Keti, nikuulize."

Gebhard akaketi. Koti lake la misimu mitatu iliyopita lilimbana, na zipu ilikuwa imegoma katikati ya tumbo. Romana akafungua daftari.

"Unashukia wapi?"

"Nordkette, hapo juu ya mji. Na Lizum, upande wa msituni."

"Kwenye makorongo membamba?"

"Hayo hasa."

"Ukianguka, unaangukia mbele au nyuma?"

"Mimi sianguki."

"Wewe ni mwongo wa tatu leo, na bado ni asubuhi." Akaandika kitu. "Kiatu?"

"Arobaini na tatu."

"Uzito?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gebhard hakuwa mtu mbaya, na mlimani alikuwa mjuzi kweli. Lakini misimu miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa goti, akakaa nyumbani anahudumiwa na mama yake, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kuchora ramani mezani kutwa nzima. Asubuhi hiyohiyo mizani ya bafuni ilimwambia tisini na nne. Alimtazama mwanamke yule, akaona haya.

"Sabini na tisa," akasema.

Penseli ilisita. "Una hakika?"

"Kwani nafanana na mtu asiye na hakika?"

"Unafanana na mtu aliyebana pumzi. Mizani ile pale, panda."

"Mwili wangu naujua mwenyewe, Romana."

"Si dharau, ndugu yangu. Theluji laini haina habari na sura ya mtu, inauliza mzigo tu. Mtu mzito anahitaji ubao mrefu na mpana ili pua yake, ile ncha ya mbele, ielee. Ukiwa mfupi, pua inazama, na mwenye ubao anaifuata hukohuko."

"Sabini na tisa," alirudia Gebhard, maana uongo ukishautoa mbele ya mtu aliyekuvutia, kuurudisha kunauma mara mbili.

Romana akamwangalia kidogo, kisha akaandika. Alipita ukutani, akagusa huu, akauinamisha ule, akaupinda mwingine kwa goti, hatimaye akashusha mmoja wa kijani kibichi. "Sentimita mia hamsini na nane. Pua pana, imeinuka. Chini ya miguu ni mgumu, haukutupi kwenye barafu. Mkia mfupi, unazama wenyewe ili pua ipande. Kwa kilo zako, utaelea."

"Na nikikwama, nakupigia wapi?"

"Duka lina simu."

"Duka silihitaji."

Akacheka sasa, kicheko chote, akamwandikia namba yake nyuma ya kadi.

Wiki mbili zilizofuata Gebhard hakushikika. Walikutana sokoni saa kumi kazi zikiisha, wakala maandazi ya kukaanga yenye kabichi chachu, mvuke ukiwatoka midomoni. Walitembea kando ya mto Inn wamekumbatiana ndani ya makoti mazito yanayoficha kila kitu. Simu zao hazikuwa na mwisho.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Nachora ramani. Mstari umepinda kwa ajili yako."

"Usinisingizie. Mistari yako imepinda tangu zamani."

Siku moja alimwambia ndoto yake. Mwaka mpya ukiingia, mzee Ottokar angemkabidhi ukuta wote wa mbao za wajuzi, yeye ndiye angeamua duka lilete zipi. "Miaka sita, Geb. Nimeanzia kule chini ghalani, nasugua viatu vya kukodisha vyenye uvundo wa miguu ya watu. Kila msimu napanda hatua moja. Wengine bado wakiniona wanauliza fundi yuko wapi."

"Fundi ni wewe," alisema Gebhard, na alisema kwa moyo wake wote.

Kisha theluji ya kweli ikaanguka. Gebhard akapanda Lizum pamoja na Leopold, mwenyekiti wa klabu yao ya mlimani, na wenzao wanne. Theluji ilifika mapajani, haijaguswa, kila mtu anapiga vigelegele. Gebhard alitangulia. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikuwa tamu. Wa nne, pua ya ubao ikazama, naye akapinduka. Akainuka, akajitia kucheka, ikazama tena. Mara ya tatu alitangulia kichwa, akazama mpaka kiunoni, miguu na ubao juu, na ikabidi wamfukue kwa koleo.

"Gebhard, unatafuta viazi?" Leopold alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. Mwenzao mmoja alikuwa anampiga picha. "Uzee huo, bwana! Mjuzi wetu kageuka mwanafunzi!"

Gebhard alitema theluji. Masikio yalimwaka moto. Alijua kabisa ni kwa nini, na kwa sababu alijua, maneno yakamtoka upesi.

"Si mimi, ni ubao! Yule dada wa kwa Ottokar kanichagulia ubao wa mtoto. Anajua nini yeye kuhusu mlima?"

Kicheko kikakatika. "Romana?" alisema Leopold. "Klabu nzima inamwendea Romana. Wiki ijayo tunakwenda watu ishirini kuchaguliwa mbao."

"Basi mjihadhari," alisema Gebhard, na mara hiyohiyo akatamani theluji imfunike tena.

Leopold ni mtu mwema, ndiyo maana alimpigia simu mzee Ottokar. Hakutaka mtu avunjike shingo. Jumatatu asubuhi mzee Ottokar alimwondoa Romana ukutani akamrudisha ghalani, kwenye viatu vya kukodisha.

Mchana wake simu ya Gebhard ililia.

"Geb, mpenzi wangu, nisamehe." Alikuwa analia.

"Nikusamehe nini?"

"Ubao. Leopold kamwambia mzee kila kitu. Kwa nini hukuniambia mwenyewe? Au ulikuwa unanionea huruma? Nimerudia daftari mara kumi. Kilo sabini na tisa, kiatu arobaini na tatu, makorongo, msitu. Sioni nilipokosea. Lakini pua imezama, kwa hiyo nimekosea mahali. Umeumia?"

"Sikuumia."

"Ungeweza kukosa pumzi kule chini, na ingekuwa kwa mkono wangu." Akapenga kamasi. "Umenisamehe, Geb? Sema."

Nafasi ilikuwa hiyo, wazi mbele yake. Sentensi moja tu ingetosha. Gebhard alifikiria aibu ya kuisema, akafikiria uso wa Leopold, akafikiria yule mwanamke akimwona jinsi alivyo.

"Nimekusamehe, kipenzi," akasema. "Kila mtu hukosea."

Hapa mjini kwetu uongo wa kilo tunausikia kila siku, na tunaucheka. Huu wa pili, wa kumsamehe asiyekosa, sijui mtu akishausema anajitazamaje kwenye kioo. Hata Gebhard mwenyewe hakuweza. Alinyoa ndevu siku zile akiangalia ukuta. Kila alipokutana na Romana alimkuta amepungua kitu. Mikono ilikuwa imechubuka kwa sabuni, utepe wa manjano haupo. "Jana mteja kaniuliza nta ya baridi kali," alimwambia, "nikamwita mwenzangu ajibu. Mimi, Geb! Nta!" Na Gebhard alimshika bega akamwambia yatapita, na wiki ile hakumaliza sahani hata moja.

Jumamosi klabu ilikwenda dukani. Gebhard naye akaenda, ubao wa kijani kwapani. Mzee Ottokar alikuwa ukutani mwenyewe, miwani puani, anashusha mbao anazipandisha, anawauliza watu urefu wao. Wanaklabu walikuwa wanatazamana. Romana alikuwa ndiyo kwanza anapanda ngazi za ghala na kreti la viatu mikononi.

"Mhanga wetu kafika!" Leopold alipaza sauti. "Rudisha huo, bwana, upewe wa watu wazima!"

Duka zima likageuka. Mzee Ottokar akavua miwani. "Vizuri, upo. Romana, mwombe radhi mteja, mbele ya klabu. Tulimalize hili."

Romana alilitua kreti. Alipangusa mikono kwenye ovaroli, akainua uso, uso mwekundu mpaka shingoni, akafungua kinywa.

"Usiseme!" Gebhard alipiga kelele mpaka mtoto wa mteja akaanza kulia. "Nakuomba, Romana, usiseme neno."

Akavua koti. Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu na kidole kikachungulia. Akapita katikati ya watu hadi kwenye mizani, ile ambayo duka huitumia kupimia watu kabla ya kukaza vishikizo vya miguu, akapanda.

"Soma, mzee."

"Gebhard, ya nini..."

"Soma kwa sauti."

Mzee akainama. "Tisini na nne."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha klabu nzima ikaangua kicheko. Gebhard alibaki palepale juu ya mizani. Alisubiri wamalize.

"Nilimwambia sabini na tisa. Aliniambia nipande hapa, nikakataa. Akanieleza pua itazama, bado nikadanganya. Na kule Lizum nilisema anajua nini kuhusu mlima. Alichagua sawasawa, kwa mtu ambaye hayupo." Akamtazama Romana. "Aliponiomba msamaha, nikampa."

Leopold aliangalia sakafu. Mzee Ottokar alikunja miwani, akaikunjua, akakosa pa kuiweka.

Romana alisogea. Alizitazama zile tarakimu nyekundu kwa muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika kusoma namba mbili. Kisha akachomoa penseli mfukoni mwa mzee.

"Kilo tisini na nne," alisema kwa sauti ya kazi. "Mia sitini na tano, mpana. Vishikizo virudi nyuma vidole viwili." Akapita ukutani, akaushusha, akamkabidhi. Halafu akamgeukia Leopold. "Wewe. Panda mizani. Na wengine wote mvue viatu mapema, msinicheleweshe."

Mzee Ottokar akasogea pembeni mwenyewe. Foleni ikajipanga mbele ya Romana bila mtu kuagizwa.

Gebhard alisubiri hadi alipopata upenyo. "Romana. Nisamehe."

Hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Kilo ningezicheka, Geb. Haki ya Mungu, ningecheka nikakupikia. Siku ile nilikuona, nikashuku, nikaamua kukuamini wewe badala ya macho yangu. Hata hilo ningelimeza." Akageuza ukurasa. "Lakini nilikulilia kwenye simu. Ukanisamehe. Ulinipa msamaha kama mtu anayempa mwenzake zawadi, na mimi nikashukuru."

"Nitafanya lolote."

"Usinipigie. Nikitaka, nitapiga mwenyewe. Mwingine!"

Siku tisa zilipita. Gebhard alikwenda na simu mpaka chooni. Siku ya kumi, mchana, yuko ofisini na wenzake wawili wameinamia ramani, ikalia. Akaidaka ikamponyoka, akaiokota chini ya meza.

"Gebhard."

"Naam."

"Umekula nini leo?"

Neno saladi lilikuwa tayari mdomoni. Wenzake walikuwa wameinua vichwa. Alilimeza.

"Madonge ya mkate, ya kuchemsha."

"Mangapi?"

"Mawili."

Nyuma ya Romana zilisikika kelele za duka.

"Manne," alisema Gebhard. "Na mchuzi. Nikapangusa sahani kwa mkate." Mwenzake mmoja alikohoa ndani ya mkono. Uso ulimwaka moto mpaka kwenye nywele.

"Jambo jingine la kweli."

"Sijapanda mlimani tangu siku ile. Naona haya kukutana na watu."

"Jingine."

Alifumba macho. Hakujali tena nani anasikia. "Nilipokuambia nimekusamehe, nilijua ninalofanya. Sikuchanganyikiwa. Nilijua, nikaona ni nafuu ulie wewe kuliko nichekwe mimi."

Aliyekuwa anakohoa aliacha. Kule upande wa pili Romana alivuta pumzi ndefu.

"Jingine," akasema, taratibu.

"Nakupenda. Na naogopa sasa hivi utanikatia simu."

"Bado," alisema Romana. "Endelea."