Mbwa Bila Mnyororo

Ukibisha kisa hiki, muulize rafiki yangu Kipchirchir, anayechora kwa rangi za mafuta hapa Kitale. Festus wa Bungoma alimletea picha ya kamera ya mbwa wake, amchoree.

"Tangu nimkatekate na panga, bado namsikia akibweka. Mchore na mnyororo shingoni, bana, atulie."

Kipchirchir alimhurumia mbwa, akamchora bila mnyororo.

Jioni hiyo mvua ilinyesha, stima zikapotea. Gizani, chumbani mwake, Kipchirchir akasikia mngurumo, nguo ikiraruka, na mtu akikoroma kama anayechinjwa. Stima ziliporudi, chumba kilikuwa kimya. Simu ikalia. Alikuwa Dinah, mke wa Festus.

"Koo la Festus limeraruliwa, na milango tulikuwa tumefunga."

Kipchirchir aliigeukia picha aliyoichora. Kwenye rangi mbichi, katikati ya meno, kilikuwa kimenasa kifungo cha shati, bado kina uzi.