Akina Dirce Wanne

Nyumba yetu iko kwenye kona mbaya. Baiskeli hufika hapo ikiwa imechoka, na mwenye baiskeli akiwa amechoka kuliko baiskeli. Chini ya kona kuna shamba letu la zabibu. Juu yake kuna kilima kinachoitwa Punda, kwa sababu zamani hata punda walikataa kukipanda.

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Mzunguko wa Vilima, mbio za baiskeli, hupita mlangoni kwetu. Haya si mashindano ya mabingwa. Ni maelfu ya watu wa kawaida: walimu, wauza samaki, mapadri, na madaktari wa meno waliovaa nguo za kubana ambazo daktari wa meno hapaswi kuvaa mbele ya watoto.

Siku hiyo Bibi Dirce huweka jiko kando ya barabara. Juu ya bamba la chuma huoka piada, mkate wetu mwembamba, ndugu yake chapati. Huikunja na kipande cha jibini, kisha hunyoosha mkono. Wapanda baiskeli huinyakua bila kusimama, naye humpigia kelele kila mmoja:

"Kula, mwanangu! Kilima bado!"

Amefanya hivyo tangu Mama yangu, Loretta, alipokuwa msichana. Sisi tulidhani ameridhika.

Vuli iliyopita, zabibu zikiwa zimekwisha kuvunwa, tulikuwa mezani. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mapumziko kutoka shule ya bweni ya masista. Bibi akaweka kijiko chini.

"Mwakani mimi sioki."

"Unaumwa?" akauliza Babu Spartaco.

"Siumwi. Naendesha. Nataka nipite hapa kwangu juu ya baiskeli, nami mtu anipe mkate. Mara moja tu kabla sijafa."

Tukaacha kula wote. Jambo hilo kwetu ni nadra kuliko theluji ya Agosti.

"Mama Loretta," Babu akasema taratibu, "umepita miaka sitini na tano."

"Na baiskeli yangu inakaribia hamsini. Lakini mpaka leo haijanung'unika kama wewe."

Kuendesha si taabu. Taabu ni kupata nafasi. Wanaotaka ni wengi, barabara ni ile ile moja. Kwa hiyo chama cha baiskeli hufanya droo. Unaandika jina lako kwenye tovuti yao, unapewa namba, unasubiri. Wengi hukosa. Fundi viatu wa mjini amekosa miaka mingi hata sasa akisikia neno droo hugonga msumari vibaya.

Bibi akajiandikisha mwenyewe kwa simu, amevaa miwani yake juu ya miwani ya Babu. Akapata namba mia nane na kumi na saba.

"Kumi na saba!" Babu akaruka na kushika funguo mfukoni. Kwetu kumi na saba ni namba ya nuksi, na dawa ya nuksi ni kugusa chuma. "Omba nyingine!"

"Nimeolewa na wewe tarehe kumi na saba," Bibi akasema. "Nikavumilia. Hii nayo nitaivumilia. Sasa tusubiri."

Lakini watu wa kwetu hawajui kusubiri. Tena hapa hakuna anayeamini kwamba mlango hufunguka bila mtu wa ndani kuusukuma. Babu akachukua salami, soseji kavu ya nyama, ndefu kama mkono wa kipofu anayetafuta kiti, akaipeleka kwa katibu wa chama kama "salamu za mavuno." Akaona haitoshi. Akaliandika jina la Bibi mara ya pili, kwa siri. Mama, akiwa kazini, akaliandika pia, kwa siri. Mjomba Ateo naye akaliandika. Mjomba alipewa jina hilo na Babu, na maana yake ni mtu asiyeamini Mungu. Leo ndiye mpiga kengele wa kanisa. Wote walifanya hivyo kwa upendo. Mimi nilikuwa bwenini nikisali, kwa hiyo sikufanya. Ningekuwa nyumbani, hali ingekuwa mbaya zaidi.

Jumamosi moja, nikiwa nimerudi nyumbani, mlango ukagongwa. Alikuwa Ivonne, jirani yetu mwenye duka la dawa. Yeye pia hujitolea kwenye chama, tena amekwisha kuendesha Mzunguko mara nyingi. Kwapani alikuwa na salami.

"Hodi humu. Mzee Spartaco, mzigo wako umerudi."

"Mzigo gani?" Babu akauliza, uso mkavu kabisa.

"Huu unaonukia vitunguu saumu. Katibu anashukuru, lakini droo haili nyama. Inafanywa na kompyuta." Akaketi. "Haya, nina swali. Nyumba hii ina akina Dirce wangapi?"

"Mmoja," Bibi akasema. "Na anatosha."

"Kwetu chamani wamefika wanne. Wote anwani hii, wote wamezaliwa siku moja."

Mama akaanza kuangalia dari. Mjomba Ateo akakumbuka kwamba ana kengele ya kupiga. Ilikuwa saa nane mchana, hakuna misa.

"Kaa chini, Ateo!" Bibi akafoka. "Mmefanya nini?"

"Tumekuongezea bahati, mama," Mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Tiketi nne si bora kuliko moja?"

"Kwenye bahati nasibu ya kununua tiketi, ndiyo," Ivonne akasema. "Hapa sivyo. Mtu mmoja, jina moja, mara moja. Kompyuta ikiona mtu amejirudia, inadhani anataka kudanganya. Inafuta majina yake yote, hata lile la kwanza la haki."

Bibi akageuka mweupe kama unga wake. "Yaani nimefutwa?"

"Bado. Uandikishaji unafungwa Jumatatu. Leo tunaweza kuondoa majina matatu na kubakiza lako. Ila kuna moja limenishinda." Akamgeukia Babu. "Dirce Zoffoli ni nani?"

"Mke wangu!" Babu akasema kwa fahari.

"Mkeo ni Dirce Bartolacci. Hapa kwetu mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake. Ndilo lililo kwenye kitambulisho, ndilo watakaloangalia siku ya kuchukua namba."

"Lakini kwenye sanduku letu la barua tumeandika Zoffoli!"

"Mzee wangu, sanduku la barua haliendeshi baiskeli."

Basi wote watatu wakatoa simu zao, vichwa chini, na kufuta walichoandika. Ivonne akasimama nyuma yao kama sista msimamizi wakati wa mtihani. Mimi nikaona si vyema wageni waende bila chakula. Nikatandika meza, na upande wa Bibi nikaweka sahani nne, vijiko vinne na viti vinne.

"Mirka, hizi za nini?" Mama akauliza.

"Za akina Dirce, mama. Watatu wanaondoka leo, tuwaage kwa heshima."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanipa kazi ya kuosha sahani zote nne.

Kabla ya kwenda, Ivonne akamshika Bibi mkono. "Sasa sikiliza, mama Dirce. Usingoje jibu ndipo ujiandae. Kwanza, nenda kwa daktari wa michezo akupime moyo. Bila cheti chake hupewi namba hata ukishinda droo. Na cheti huchukua muda, foleni ni ndefu. Pili, anza kuendesha leo. Kidogo leo, zaidi kidogo wiki ijayo. Tatu, njia ziko mbili. Chagua ile fupi."

"Ile fupi inapita hapa kwenye kona?"

"Inapita."

"Basi hiyo."

Daktari akamkalisha Bibi kwenye baiskeli isiyokwenda popote, akambandika waya kifuani, akamwambia akanyage. Babu alikuwepo. Alisimulia baadaye kwamba daktari aliangalia mashine, akamwangalia Bibi, akaangalia tena mashine, kisha akamwambia Babu, "Wewe je, mzee? Panda nikupime." Babu akajibu kwamba ameacha ng'ombe nje. Hatuna ng'ombe.

Cheti kikatoka. Bibi akaendesha msimu wote wa baridi. Nilipokuwa nikirudi kutoka shuleni nilimkuta amefunga skafu hadi puani, anapanda Punda taratibu kama bili ya umeme. Mwanzoni alishuka na kusukuma. Baadaye alishuka karibu na kilele. Mwisho hakushuka.

Matokeo yakaja kwa barua pepe. Bibi hakuona kitu siku nzima, mpaka Ivonne akamwonyesha kwamba barua kama hizo hupenda kujificha kwenye kapu la barua takataka. Akaifungua. Akaisoma. Akaweka simu mezani, kioo chini.

"Nimekosa."

Hakulia. Alikwenda kulipaka bamba la chuma mafuta lisipate kutu, kama anavyofanya kila mwaka. Hilo lilikuwa baya kuliko kulia.

"Nilisema kumi na saba!" Babu akanong'ona, lakini hakukuwa na furaha ndani yake.

Mjomba Ateo akaja mbio jioni ile. "Tumepona! Kuna jamaa wa bondeni amevunjika kifundo cha mguu. Alipata nafasi, sasa anaiuza. Mama atavaa namba yake. Nani atajua?"

Bibi akasimama pale pale na kitambaa cha mafuta. Niliona anataka. Nakiri hata mimi nilitaka.

"Mwite Ivonne kwanza," akasema.

Ivonne akafika na koti lake jeupe la dukani. "Huyo jamaa ana umri gani?"

"Thelathini hivi."

"Ana mzio wa dawa?"

"Nitajuaje?" Mjomba akasema.

"Ndiyo shida yenyewe. Mama Dirce akianguka, wauguzi wataangalia namba. Namba itawaambia huyu ni kijana wa miaka thelathini, anaitwa sijui nani. Watampigia simu mkewe bondeni, na ninyi mtakuwa hapa mnasubiri na mkate. Bima nayo itasema Dirce hakuwepo. Usinunue jina la mtu, mama. Lako ni zuri."

"Basi ndiyo mwisho?" Bibi akauliza.

"Nani kasema? Huyo jamaa airudishe nafasi yake chamani, atarudishiwa ada yake. Wengi hurudisha. Mwezi wa Machi kuna droo ya pili ya nafasi zilizorudi, ila anayeingia ni yule tu aliyekosa ya kwanza na mwenye cheti tayari." Akatabasamu. "Unajua wangapi wamekosa kwa sababu hawana cheti? Fundi viatu, kila mwaka."

Mjomba akampigia jamaa simu. Walibishana kidogo, kisha jamaa akakubali kurudisha.

Droo ya pili haikuwa ya kompyuta; ilifanyika kwenye ukumbi wa dansi, mbele ya watu. Vigololi vyenye namba viliwekwa kwenye pipa dogo la mbao, padri akalizungusha. Mbele yetu alikaa fundi viatu, cheti mkononi. Ivonne alikuwa amemfikia na yeye.

Namba zikasomwa. Ya fundi viatu ikatoka mapema, akambusu mtu aliyekuwa jirani yake, na mtu huyo alikuwa Mjomba Ateo. Namba zikaendelea. Babu alikuwa ameshika mguu wa chuma wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Imebaki moja," padri akasema. Akaingiza mkono. Akasoma, akakunja uso. "Poleni wenye imani za giza. Mia nane na kumi na saba."

Bibi hakupiga kelele. Sisi ndio tulipiga. Yeye alisimama tu, akajitengeneza nywele, kana kwamba ameitwa kupigwa picha.

Ikabaki shida moja ambayo Ivonne hakuweza kuitatua. Nani ataoka?

Jumapili ya Mei ikafika. Mama alikuwa anagawa maji. Mjomba alikuwa mnarani, amepewa ruhusa ya kupiga kengele atakapomwona Bibi. Na nyuma ya jiko, amevaa aproni ya Bibi yenye maua, alisimama Babu Spartaco. Piada zake za kwanza tulimpa mbwa. Mbwa akazizika.

Wapanda baiskeli wakapita. Madaktari wa meno wakapita. Fundi viatu akapita akiimba. Babu hakuwatazama. Alikuwa anatazama barabara kule chini.

Kengele ikalia.

Bibi akatokea kwenye kona, taratibu, kofia ngumu imekaa upande, uso mwekundu kama nyanya. Kwenye usukani ilionekana namba: mia nane na kumi na saba. Babu akaiona. Mkono wake, kwa mazoea ya maisha yote, ukatafuta chuma cha karibu.

Chuma cha karibu kilikuwa bamba la piada.

Alichosema Babu, masista wa shuleni hawaniruhusu kukiandika. Lakini kwa mkono ule mwingine alinyoosha mkate, na kwa sauti iliyofika mpaka kanisani akalia:

"Kula, Dirce! Kilima bado!"

Wengine hunyakua bila kusimama. Bibi alisimama. Akaweka mguu chini, akapokea mkate wake kwa mikono miwili, akauma, akatafuna polepole huku maelfu wakipita nyuma yake.

"Imeungua," akasema.

"Kidole au mkate?"

"Vyote." Akauma tena. Alikula mpaka kipande cha mwisho, akalamba jibini kwenye kidole. Kisha akapanda baiskeli.

"Mama Loretta," Babu akaita, kidole kimetumbukia kwenye ndoo ya maji. "Mwakani na mimi niandike."

Sote tukageuka, Mama na ndoo yake, Ivonne aliyekuwa anapita kwa baiskeli wakati ule ule, na mimi, tukajibu kwa pamoja:

"Mara moja tu!"

Bibi alikuwa tayari juu ya Punda, na hakushuka.