Kofia Aliyoimaliza Mize

Siku ya kwanza alipokutana na Alawi, Mwanaharusi nusura amtukane mbele ya watu arobaini. Foleni ya hospitali ilikuwa imefika uwanjani, watoto wanalia, wazee wanakohoa, naye yuko kwenye benchi tangu alfajiri, vidole vimemvimba ndani ya kanga. Ndipo akatokea kijana mrefu wa koti jeupe na suruali ya bugaluu inayofagia sakafu.

"Bibie, inua kadi yako nisome jina."

"Ningeweza kuiinua, ningekuwa hapa?"

Watu wakacheka. Kijana akaichukua kadi mwenyewe pale kwenye benchi, akaisoma. "Baridi yabisi ya mikono. Basi wewe ni wangu. Twende chumba cha taa."

"Wako tangu lini?"

"Tangu daktari alipoandika hapa. Kama hutaki, kagombane naye."

Taa yenyewe ilikuwa na kichwa cha bati kipana kama sinia, na ndani yake globu nyekundu. Mwanaharusi akalaza mikono juu ya mto, mwanga ukaiangukia, joto likapenya taratibu mpaka kwenye viungo. Baada ya robo saa vidole vikakunjuka. Akavitazama, akazidi kukasirika, maana miaka miwili amekesha na maumivu yale na hakuna aliyemwambia kuwa kuna taa.

"Nimepona?"

"Hapana. Taa haiponyi, inalegeza. Utapata saa moja, kisha yatarudi. Uje kila siku isipokuwa Ijumaa na Jumapili."

Alimpenda kwa jibu hilo. Wengine wote walikuwa wamemdanganya.

Mwanaharusi alikuwa mshonaji wa kofia za viua, vile vitundu vya nakshi, na pale Bagamoyo mtu akivaa kofia ya mkono wake, wanaojua walimtambua mshonaji kabla ya mvaaji. Sasa alikuwa na saa moja tu kwa siku. Akitoka kwenye taa aliketi nje ya mlango, akatoa sindano kikapuni na kuzungushia uzi matundu ya kofia moja, hiyo hiyo, huku kazi za wateja zikingoja nyumbani. Kwao mwanamke akimshonea mwanamume kofia bila kuombwa, amekwisha kusema aliyo nayo moyoni. Kichwa cha Alawi alikuwa amekipima kwa uzi, siku alipojidai anampangusa vumbi.

"Ya nani hiyo inayokuua?" Alawi aliuliza mwezi wa tatu.

"Ya mtu asiye na haraka."

"Basi mwache asubiri. Niachie mimi mpaka Jumatatu, upumzike."

Akampa. Moyoni alifurahi kwamba kitambaa kile kitalala kwake.

Jumatatu Alawi akamrudishia kofia imekwisha, imefuliwa, imetiwa wanga. "Nimempa Mize aimalize," akasema akitabasamu. Mize alikuwa mshonaji wa mtaa wa pili. "Mikono yako ipumzike sasa, mpenzi."

Neno hilo alilingoja miezi mitatu, nalo likaja siku aliyotamani kumrushia taa.

"Nani kakwambia siwezi?"

"Nimeona unavyouma meno."

"Meno ni yangu." Akaibwaga kofia mezani, akaondoka.

Kufikia adhuhuri Mize alikuwa ameutangazia mji kuwa mikono ya Mwanaharusi imekwisha. Wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao. "Pumzika tu, dada," walimwambia kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Hakwenda tena kwenye taa. "Unamkomoa nani?" mama yake, Bi Tatu, alifoka. Siku ya nne, Ijumaa, ilibidi mama huyo amfunge kanga kama mtoto, na Mwanaharusi akalia kwa hasira.

Siku hiyo Mzee Sadallah mwenye duka, aliyekuwa na simu pekee mtaani, alimwita. "Simu yako, mwanangu. Kutoka Chalinze." Alawi alikuwa amepelekwa huko tangu Jumanne kwa wiki mbili, kushika zamu ya mtu.

Mwanaharusi aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Kwa nini huendi kwenye taa? Wenzangu wa hospitali wameniambia."

"Taa ni ya wenye mikono. Mji mzima unajua yangu imekufa."

"Sikujua kama Mize atasema."

"Usinitajie Mize. Kofia nilikupa wewe. Unayo hapo?"

"Ninayo. Nilisema mteja wako ataidai."

"Ivae."

"Niivae mimi?"

"Ivae, Alawi."

Akasikia mkono wa simu ukiwekwa mezani. Kisha sauti yake ikarudi, ndogo. "Imenienea."

"Nilikupima kwa uzi. Ulidhani napangusa vumbi. Sasa mvalie Mize." Akakata.

Kesho yake, Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Alawi akashuka kwenye lori. Hakubisha hodi. Aliketi barazani kwa kina Mwanaharusi mchana kweupe, akatoa kofia na wembe, akaanza kufumua. Wapita njia wakasimama, na Mize akiwamo.

"Alawi, unafanya nini?"

"Naondoa kosa langu, dada. Kofia hii ina mshonaji wake."

Mwanaharusi akatoka mlangoni. "Utafumua na nyuzi zangu."

"Zako nazijua. Tazama, hapa uzi umenyooka, hapa unayumba. Hapa ndipo saa ya taa ilipokuwa inakwisha, ukaendelea kushona." Hakuinua macho. "Za Mize zimelingana zote. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza."

Mwanaharusi akaketi kando yake barazani.

"Itachukua muda gani kuimaliza?" akauliza Alawi.

"Kwa saa moja kwa siku? Miezi minne. Mitano."

"Nimemwandikia ami yangu Pangani alete posa. Nitaivaa siku ya harusi, na isipokwisha nitaoa kichwa wazi."

"Harusi ya nani?"

"Ya mtu asiye na haraka."

"Bado nimekasirika."

"Najua. Chumba cha taa kinafungwa saa kumi. Nikubebee kikapu?"

Mwanaharusi akamtazama, maana safari hii ameulizwa.

"Beba," akasema. "Kofia nipe niibebe mwenyewe."