Waya Nyekundu ya Gari ya Apollinaire

"Gari yangu hii, hata ilale mwezi muzima kwenye mvua, unagusa ufunguo tu, inaamuka," Apollinaire alituambia tulipotoka kambi ya wavuvi.

Mate yake hayajakauka, dhoruba ikashuka juu ya ziwa Mweru. Mvua ilipiga kioo mpaka njia ikapotea. Mbele, kijito kilikuwa kimekata barabara ya muchanga. Nyuma, mawimbi ya ziwa yalikuwa yanapanda. Akazima gari mahali palipoinuka, tungojee kijito kishuke.

Tamara alilala kiti cha nyuma, muguu juu ya gunia. Mwiba wa samaki ulimuchoma unyayo juzi, na uvimbe ulishafika gotini. Kliniki ya Kafutuma, kule tulikuwa tunamupeleka, ilikuwa ng'ambo ya kijito.

"Maji ya kunywa iko?" aliuliza.

"Iko. Kidogo kidogo, dada," nilimujibu.

Kijito kikashuka. Apollinaire akagusa ufunguo. Tik. Basi. Na gari ya automatique, ile inajibadilishia gia yenyewe, haidemare, haiwaki kwa kusukumwa, hata ulete kwaya nzima ya kanisa.

Muvuvi mumoja, Bwembya, alikuwa amevuta mutumbwi wake karibu. Akatuletea batri kubwa ya taa zake za kuvulia chisense, wale samaki wadogo wa usiku. Apollinaire akaigusisha na waya ya gari: cheche, moshi.

"Awe! Munataka kuunguza batri yangu?" Bwembya alipayuka. "Kuna kitu kinakula umeme humo ndani!"

Wakaunga ampuli ya taa yake kati ya batri na waya ya gari. Ikawaka kali: umeme unavuja. Apollinaire akatoa fyuzi zote, bado inawaka. Akachomoa pulagi moja kubwa ya waya nyingi chini ya dashibodi; ampuli ikazima.

"Njo hii. Mwizi iko humu."

"Basi tuiache wazi, twende," nilisema.

"Twende na nini? Waya ya pampu ya mafuta inapita humu humu. Weye kazi yako kusema tu!"

Akanyoosha ndoana ya Bwembya, akaanza kusukuma pini moja moja itoke nyuma ya pulagi. Akitoa moja, anarudisha pulagi, anaangalia ampuli. Bado. Nyingine. Bado. Wimbi likalamba tairi la nyuma. Tamara alikuwa ameacha kulalamika, na hiyo ndiyo ilitutisha.

"Tamara! Sema kitu!"

"Muguu siusikii tena. Fanyeni haraka."

Pini ya waya nyembamba nyekundu ikatoka. Ampuli ikazima.

Apollinaire akaifuata ile waya chini ya kapeti iliyolowa. Ganda lilikuwa limekwanguka, shaba imelala juu ya chuma. Ilikuwa inaenda kwa spika kubwa ya nyuma. Fundi mupumbavu aliipachika bila fyuzi. Tukaikunja kando, fyuzi na pini zingine zikarudi mahali pao, batri ya Bwembya ikagusishwa tena, gari ikalia. Tulivuka kijito maji yakiingia mulangoni, na jioni ile nesi akaupasua ule uvimbe.

Leo Tamara anatembea, anachechemea kidogo. Apollinaire hajisifu tena. Akisimamisha gari, anafungua kichwa cha batri, umeme usiliwe tena. Nami hadithi nilikuwa nimeimaliza hivi: fundi wa ile waya hajulikani mpaka leo.

Nikamusomea Tamara. Alisikiliza yote, ule muguu ameunyoosha.

"Nzuri," alisema. "Lakini ile Pasaka, ulipoazima gari ya ba Apollinaire upige muziki, ukaingia chini ya dashibodi na ile waya... nani alikushikia tochi, Chibwe?"

Nyuma yake, mulangoni, Apollinaire aliacha kutafuna karanga.