Pumzi Mbili Kitandani kwa Abdiweli

Usingizi wa adhuhuri ulipomchukua Abdiweli, alikoroma, kisha pumzi ikakatika. Lakini blanketi liliendelea kupanda na kushuka. Mkewe, Khadra, aliliona hilo siku tatu mfululizo, akamtikisa kwa hasira.

"Twende hospitali."

"Kukoroma si ugonjwa. Baba yangu alikoroma mpaka majirani wakahama," Abdiweli akasema, akageukia ukuta.

Khadra hakubembeleza tena. Kesho yake aliacha simu kando ya mto wa kulalia ikirekodi, akatoka kuanika nguo. Jioni akaipeleka kwa Watiri, daktari wa zahanati moja pale Nanyuki.

"Anaacha kupumua mara arobaini kwa saa moja," Watiri akasema. "Hii inaweza kumuua, mama. Lakini ulikuwa umelala na yeye? Nasikia pumzi mbili."

"Mimi nilikuwa nje."

Watiri akairudia rekodi. Abdiweli aliponyamaza, kitu kingine kilivuta hewa taratibu, kwa raha, kama mgeni anayekunywa maziwa ya wenyewe.

Khadra alikuwa binti wa mchuuzi wa mbuzi na mke wa mchuuzi wa mbuzi. Sokoni kwao mnunuzi huweka sikio ubavuni mwa mbuzi aliyemnunua; akisikia kifua kibovu humrudisha siku hiyohiyo, na muuzaji humpa mzima badala yake. Basi mchana uliofuata, pumzi ya mumewe ilipokatika na chumba kikanuka manyoya yaliyoungua, Khadra aliinama akaweka sikio ubavuni mwake, akasikia kile kitu kikivuta na kuvuta humo ndani bila haya, na badala ya kukimbia, badala ya kusoma dua aliyoijua tangu madrasa, hasira ikampanda mpaka ulimi ukatoa maneno ya sokoni:

"Huyu kifua chake ni kibovu. Mrudishe leo. Nitakupa mzima."

Pumzi ya pili ikanyamaza. Abdiweli akafumbua macho, akaomba chai.

Wiki iliyofuata Khadra alipeleka rekodi ya usiku mzima.

"Mzee amepona. Hakuna mahali imekatika," Watiri akasema, akitabasamu. Kisha tabasamu likaisha. "Lakini huyu wa pembeni ndiye anaacha kupumua sasa. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa tatu ni nani?"

Khadra akafungua mdomo, hasira zake zote zikiwa ulimini, na hewa ya kusemea haikuja.